Dola moja ya Ohio na dola moja ya Morogoro: PPP na kiwango cha bei kwa lugha ya kawaida

Mwaka 2025 IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, ilitoa makadirio yanayoonyesha Kenya imeipita Ethiopia na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Habari ikasambaa na ubishi ukaanza, huyu anakuja na jedwali linalosema Kenya ni ya kwanza, yule anakuja na jedwali lingine, la IMF hiyohiyo, mwaka huohuo, linalosema Ethiopia bado iko juu, na kila mmoja anamwambia mwenzake muongo. Wakati wote wawili wamesoma vizuri kabisa. Jedwali la kwanza limehesabiwa kwa bei ya dola ya sokoni, la pili limehesabiwa kwa kitu kinaitwa PPP, yaani usawa wa uwezo wa kununua.

Mkanganyiko huohuo tunao hadi majumbani. Mtu akisikia binamu yake yuko Ohio, Marekani, analipwa dola 3,000 kwa mwezi anazidisha hapohapo, milioni saba na nusu, basi inakuwa lawama kwenye ukoo, huyu anapata milioni saba kila mwezi na bado anasema hana hela ya kuchangia harusi! Mwingine anasoma kwamba mstari wa umaskini ni dola 3 kwa siku, anapiga hesabu anapata shilingi 7,500, anashangaa mbona yeye anatumia elfu tano kwa siku, anakula anashiba, na hajioni kama ni maskini wa kutupwa. Yote haya yana mzizi mmoja, watu wanabadilisha hela kuwa dola bila kujiuliza kwanza hiyo hela inaenda kutumika wapi.

Tuanze na hela yenyewe kabla hatujafika kwenye PPP. Chukulia wauza mchele wawili, mmoja anapimia kikopo kidogo cha nyanya ya kopo, mwingine anapimia kopo kubwa la maziwa ya unga. Mteja wa kwanza anarudi nyumbani anasema nimenunua makopo ishirini, wa pili anasema nimenunua moja, na mchele ukaupima kwenye mzani ukakuta ni uleule. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania ziko hivyo. Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania, na kuna watu wanaamini kabisa kwamba hiyo inaonyesha uchumi wa Kenya una nguvu mara ishirini, wakati kinachoonekana pale ni ukubwa wa kopo tu. Japani dola moja inabadilishwa kwa yeni zaidi ya 100 na hakuna anayesema Japani ni nchi maskini. Na tukumbuke hadi miaka ya 60 sisi, Kenya na Uganda tulikuwa na shilingi moja iliyosimamiwa na bodi ya pamoja ya sarafu, East African Currency Board, mwaka 1966 kila nchi ikatoa ya kwake zikaanza zikiwa na thamani sawa, kopo ni lilelile. Tofauti ya leo imekuja kwa sababu kwa miaka zaidi ya hamsini bei zimepanda kwa kasi tofauti kwenye kila nchi na sarafu zimeshushwa thamani kwa nyakati tofauti. Hiyo ni historia ya kopo, haikwambii kila mtu ana mchele kiasi gani nyumbani.

Sasa kitu cha pili, kiwango cha bei. Hiki wengi wanakichanganya na mfumuko wa bei na ndo maana kila mwezi takwimu zikitoka watu wanahisi wanadanganywa. Kiwango cha bei ni bei zenyewe zilipo leo, ukichukua vitu vyote ambavyo familia inanunua, unga, kodi ya nyumba, nauli, dawa, ada, ukaviweka pamoja ukauliza jumla yake ni shilingi ngapi. Mfumuko wa bei ni kasi ambayo hiyo jumla inapanda kwa mwaka. Kenya mwezi Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa asilimia 2.7. Mwananchi akasikia mfumuko umeshuka akaenda dukani akitegemea unga umerudi bei ya zamani, akakuta bei iko palepale au imepanda kidogo tena, akasema serikali inapika namba. Hapana, mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole kuliko mwanzo, bado zinapanda. Ili bei zirudi chini kweli inabidi mfumuko uwe hasi, kitu ambacho hakitokei mara nyingi na kikitokea kwa nchi nzima mara nyingi kinaambatana na biashara kufa na watu kupoteza kazi. Kwahiyo mama anayesema maisha ni magumu na mtakwimu anayesema mfumuko umeshuka wote wanasema kweli, mama anaongelea kiwango, mtakwimu anaongelea kasi, na mshahara wa huyo mama kama haujapandishwa tangu 2021 basi uchungu wake ni halali kabisa hata mfumuko ukiwa sifuri.

Tukishaelewa kiwango cha bei ni nini ndo tunaweza kulinganisha nchi na nchi. Tutengeneze kapu la kubuni ili hesabu iwe rahisi. Kapu lina kilo kadhaa za mchele, nyama, sabuni, nauli za wiki, kunyoa nywele mara moja, na kipande cha kodi ya chumba. Ukilinunua kapu hilo Ohio linakugharimu dola 60. Ukinunua kapu lilelile Morogoro, vitu vya aina ileile na ubora uleule, linakugharimu shilingi 50,000. Gawanya 50,000 kwa 60 unapata kama 833. Hiyo 833 ndo kiwango cha PPP kwa kapu hili, maana yake shilingi 833 za Morogoro zinafanya kazi ambayo dola moja inafanya Ohio. Wakati huohuo ukienda duka la kubadilishia fedha ukataka dola moja tuseme wanakuuzia kwa 2,500. Kwahiyo tuna bei mbili za dola, 2,500 ni bei ya kuipata hiyo noti mkononi, 833 ni gharama ya kupata hapa nyumbani kile ambacho hiyo noti ingenunua kule kwao. Na ukigawanya 833 kwa 2,500 unapata theluthi moja, hapo ndo wachumi wanasema kiwango cha bei cha Tanzania ni kama theluthi ya kile cha Marekani.

Namba za kapu nimezibuni lakini uwiano haujaachana sana na hali halisi. Pato la mtu mmoja Tanzania kwa bei ya soko ni kama dola 1,200 kwa mwaka, kwa PPP linaruka mara tatu hivi. Kenya nayo vivyo hivyo, kama dola 2,000 kwa soko na mara tatu hivi kwa PPP. Hakuna hela mpya iliyoingia mfukoni kwa mtu. Ni pato lilelile limepimwa kwa mzani mwingine.

Hapa watu huuliza, kwanini bei zetu ziwe theluthi? Kama mchele wetu ni rahisi si wafanyabiashara wangeununua hapa wakauze kule mpaka bei zilingane? Swali zuri sana na ndo wazo la mwanzo kabisa la nadharia hii. Mchumi wa Sweden, Gustav Cassel, ndo aliyeliita wazo hilo PPP mwaka 1918, wakati vita ya kwanza ya dunia imevuruga mfumo wa kupima sarafu kwa dhahabu na hakuna anayejua sarafu ya nani ina thamani gani kwa nani. Wazo lake ni kwamba bei ya sarafu mwishowe itafuata uwezo wake wa kununua. Kwa bidhaa zinazosafiri linafanya kazi kwa kiasi. Petroli, simu, ngano, shaba, hivi vina bei ya dunia, hata EWURA, mamlaka ya nishati na maji hapa Tanzania, wanapotangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, au wenzao wa EPRA kule Kenya tarehe 14, sehemu kubwa ya ile bei imeamuliwa nje na inalipwa kwa dola. Simu ya iPhone Dar haipo kwa theluthi ya bei ya Marekani, mara nyingi ni ghali zaidi kwa sababu ya usafiri na kodi.

Lakini kinyozi hasafiri. Kunyoa mtaani kwetu ni kama shilingi 3,000, Marekani ni dola 25 au zaidi, na hakuna Mmarekani atakayepanda ndege kuja Manzese kunyoa ili aokoe dola 20. Vivyo hivyo bodaboda, fundi cherehani, mama ntilie, msaidizi wa kazi za ndani, kodi ya chumba. Kinyozi wa Manzese anatumia mashine ileile, dakika zilezile, na pengine mkono wake ni mzuri kuliko wa yule wa Ohio, mbona sasa analipwa kidogo hivyo? Jibu walilitoa Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kivyake, mwaka 1964. Wanasema hivi, kwenye nchi tajiri viwanda na mashamba makubwa yana mashine na teknolojia, mfanyakazi mmoja anazalisha bidhaa nyingi sana za kuuza dunia nzima, kwahiyo analipwa vizuri. Sasa kinyozi wa nchi hiyo asipolipwa karibu na hapo ataacha mkasi aende kiwandani, kwahiyo bei ya kunyoa inapanda ingawa kunyoa kwenyewe hakujabadilika. Kwetu mkulima wa jembe la mkono anazalisha kidogo, kipato chake ni kidogo, na kinyozi anashindana na huyo, hana pa kukimbilia penye hela zaidi, kwahiyo bei yake inabaki chini.

Ndo maana mimi huwa sifurahi nikisikia mtu anajisifu kwamba kwetu maisha ni rahisi, kila kitu bei poa. Bei poa ya huduma ni mshahara mdogo wa mtu mwingine. Ukilipa dada wa kazi hela kidogo kwa mwezi hiyo imeingia kwenye takwimu kama kiwango cha chini cha bei, kwako ni unafuu, kwake ndo maisha yake yote. Nchi ikitajirika kiwango chake cha bei kinapanda, waulize waliokwenda Uswisi, pale hata chai ya kukaa mezani inakutoa jasho, na ni kwa sababu anayekuletea hiyo chai naye analipwa mshahara wa maana.

Turudi kwa binamu wa Ohio. Dola zake 3,000 anazitumia kulekule, analipa kodi kule, bima ya afya kule, mafuta ya gari kule. Ukitaka kujua maisha yake yanafanana na mtu wa mshahara gani hapa usizidishe kwa 2,500, zidisha kwa kiwango cha PPP, kwa kapu letu inakuja kama shilingi milioni mbili na nusu. Ni mshahara mzuri, anaishi, lakini sio tajiri wa milioni saba na nusu. Ila kuna upande wa pili ambao watu wa diaspora wenyewe hawapendi kuusema. Zile dola 100 anazofaulu kubana akazituma nyumbani hazitumiki kule tena, zinatumika hapa, kwahiyo hizo sasa ndo unazidisha kwa 2,500, zinakuwa laki mbili na nusu, na kazi ambayo hiyo laki mbili na nusu inafanya Morogoro ni kama ya dola 300 Ohio. Hela ileile ya mtu yuleyule, kipande kinachobaki kule kina thamani moja, kipande kinachovuka mpaka kinapata thamani nyingine.

Hii ndo siri ya vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda kufanya kazi Oman, Emirates na Saudia. Mshahara ambao kwa maisha ya Dubai ni wa chini kabisa, lakini mwajiri kampa mahali pa kulala na chakula, basi karibu wote unarudi nyumbani kwa bei ya soko na unajenga nyumba. Aliyepewa mshahara mkubwa zaidi ya huo lakini anajilipia chumba na chakula mwenyewe Dubai anaweza kurudi mikono mitupu. Kwahiyo kijana akiletewa mkataba asiangalie namba ya mshahara peke yake, aangalie ni kiasi gani cha huo mshahara kinatakiwa kuliwa kulekule kwa bei za kule. Na mtu anayefanya kazi za mtandaoni akiwa Arusha analipwa dola, huyo ndo yuko pazuri kuliko wote, analipwa kwa bei za nchi tajiri anakula kwa bei za kwetu.

Nani anapima hivi vitu? Kuna mradi unaitwa International Comparison Program, siku hizi unasimamiwa na Benki ya Dunia, kwa Afrika unaratibiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na kazi ya kuzunguka masokoni inafanywa na ofisi za takwimu za nchi zenyewe, kama NBS kwetu na KNBS kwa wenzetu. Ulianza mwaka 1968 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiwemo wachumi Irving Kravis, Alan Heston na Robert Summers, na kwenye ule ulinganisho wa kwanza wa mwaka 1970 zilikuwepo nchi kumi tu duniani, na moja ya hizo kumi ni Kenya. Watu hawajui hili na mimi naona ni jambo la kujivunia. Duru ya mwaka 2021, ambayo matokeo yake yalitoka Mei 2024, ilikuwa na nchi na maeneo 176.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika. Lazima ulinganishe kitu kilekile na kitu kilekile. Mchele wa Kyela wenye harufu sio sawa na mchele uliovunjikavunjika, ukilinganisha hovyo utasema nchi fulani ni rahisi kumbe wanakula mchele mbaya. Unga wa sembe uko kila duka Dodoma lakini Tokyo utautafuta sana. Kodi ya nyumba ndo balaa, nyumba ya Kigamboni na ya Osaka unazilinganishaje, ina maji ya bomba, ina umeme masaa yote? Huduma za serikali kama shule na hospitali hazina bei ya sokoni kabisa. Kwahiyo wanapanga orodha ya vitu kwa kila ukanda, wanapima bei, wanavipa uzito kulingana na watu wanavyotumia hela zao, alafu kanda zinaunganishwa. Ni makadirio mazuri, lakini ni makadirio. Na kwenye miaka ya katikati ya duru moja na nyingine wanakokotoa kwa kutumia tofauti za mfumuko wa bei, ndo maana duru mpya ikitoka kuna nchi zinajikuta zimepanda au kushuka ghafla kwenye orodha bila chochote kutokea mtaani.

Wengi pia wamesikia ile njia ya mkato, Big Mac Index, ambayo gazeti la The Economist lilianza kuitoa mwaka 1986, wanalinganisha bei ya mkate mmoja wenye nyama wa McDonald's kila nchi. Inasaidia kuelewa wazo, ila kwetu haifiki mbali, Tanzania na Kenya McDonald's haipo.

Sasa Ethiopia. Tarehe 29 Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliacha birr, sarafu yao, ijipangie bei sokoni. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama birr 57 kwa bei ya serikali, ndani ya wiki chache ikavuka 100. Fikiria umelala Ethiopia ina mashamba yale, viwanda vile, watu wale zaidi ya milioni 100, ukaamka vyote vipo palepale lakini ukibadilisha pato lao kuwa dola limepungua vibaya. Shilingi ya Kenya yenyewe ilikuwa imekwenda njia ya kinyume, Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, baadae mwaka huohuo ikarudi karibu 129 na kutulia hapo. Sarafu moja imeanguka, nyingine imeimarika, basi kwenye jedwali la dola za soko Kenya ikapita mbele. Kwenye jedwali la PPP ambalo linaangalia bei za ndani Ethiopia ikabaki juu. Sasa nani mkubwa? Ukiuliza ni nchi gani inazalisha na kutumia vitu vingi zaidi kwa ujumla, ni Ethiopia. Ukiuliza ni nchi gani ina nguvu zaidi ya kununua vitu nje, ni Kenya. Na kwa kila mtu mmojammoja Kenya iko mbele kwa namna yoyote utakayopima, kwa sababu watu wake ni karibu nusu ya wale wa Ethiopia. Ubishi wa China na Marekani ni uleule, kwa hesabu za IMF za wakati ule China iliipita Marekani kwa PPP mwaka 2014, kwa dola za soko Marekani bado ni ya kwanza.

Na hapa ndo niwe mkali kidogo, kwa sababu wanasiasa wanapenda kuchukua namba ya PPP wanapotaka kuonekana wakubwa. PPP haikusaidii ukiwa na deni la nje. Kenya ilikuwa na Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, wasiwasi wa hilo deni ndo ulichangia shilingi kuporomoka, na ahueni ilianza Februari 2024 walipokopa dola bilioni 1.5 nyingine kununua sehemu kubwa ya lile la zamani. Aliyekukopesha dola hataki kusikia kwamba kwenu kunyoa ni rahisi, anataka dola zake. Dawa za hospitali, mitambo ya umeme, mabehewa ya treni, mafuta, vyote vinalipwa kwa dola ya 2,500 na sio ya 833. Trekta likifika Mbeya halipunguzwi bei kwa sababu mkulima wa Mbeya ni maskini. Hilo nalo ni fungu la mambo yanayotukwamisha, vitu vya starehe ya huduma kwetu ni rahisi, vitu vya kuzalishia ni ghali, gunia ngapi za mahindi mkulima auze apate trekta moja, mwenzake wa Marekani auze ngapi?

Wengine wakaona shilingi ya Kenya imetoka 160 hadi 129 wakategemea bei zote zishuke kwa kiasi hicho. Mafuta yalishuka. Kodi ya nyumba haikushuka, nauli nyingi hazikushuka, kwa sababu mwenye nyumba halipi dola kwa mtu, na mwenye matatu akishazoea bei hairudishi kirahisi. Kadiri kitu kinavyokuwa na jasho la ndani zaidi ndivyo kinavyopuuza bei ya dola.

Na ule mstari wa umaskini? Benki ya Dunia ilianza na dola 1 kwa siku mwaka 1990, ikaja 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 ikawa dola 3. Hizo zote ni dola za PPP, sio noti. Maana yake ni kuishi kwa siku nzima, kula, kulala, kuvaa, kutibiwa, kwa kile ambacho dola 3 ingenunua Marekani kwa bei za mwaka 2021. Kwa shilingi zetu ni chini ya nusu ya ile 7,500 ambayo mtu alizidisha. Kwahiyo yule ndugu wa elfu tano kwa siku, kama hiyo ni yake peke yake, yuko juu ya mstari. Kama hiyo elfu tano ndo inalisha watu wanne ndani ya nyumba, wako chini sana. Mstari huu ni wa kila kichwa, na watoto wanahesabiwa. Na mstari ukipandishwa haina maana watu wameamka maskini zaidi, bei zimepimwa upya na nchi maskini zenyewe zimerekebisha mistari yao ya ndani, ambayo ndo chanzo cha hiyo namba.

Kuna jambo lingine linachanganywa hapo, lile la nchi ya kipato cha kati. Tanzania iliingia kundi la kipato cha kati cha chini tarehe 1 Julai 2020, Kenya iliingia baada ya kukokotoa upya pato lake mwaka 2014 na kukuta uchumi ni mkubwa kwa asilimia 25 kuliko walivyodhani. Makundi hayo hayatumii PPP kabisa, yanatumia bei ya soko ya dola iliyolainishwa kwa wastani wa miaka mitatu ili nchi isipande na kushuka kwa sababu ya mwaka mmoja wa misukosuko. Kwahiyo mtu akikuletea namba ya PPP kuthibitisha kwamba tuko kundi la juu zaidi, amechukua mzani wa duka lingine.

Udhaifu mkubwa wa PPP kwa maoni yangu ni kwamba inapima kapu la wastani la nchi nzima. Maskini hali kapu la wastani. Yeye sehemu kubwa ya hela yake inaishia kwenye chakula, na chakula ni moja ya vitu ambavyo Afrika sio rahisi sana ukilinganisha na huduma, kwa sababu mbolea, mafuta ya kula, ngano na usafiri vinafuata bei za dunia. Anayefaidi zaidi bei nafuu za kwetu ni yule mwenye dereva, mlinzi na mpishi. Na ndani ya nchi moja bei zenyewe hazifanani, kiroba cha mahindi Sumbawanga wakati wa mavuno na kilekile Dar ni bei mbili tofauti kabisa, chumba cha Sinza na chumba cha Songea ndo usiseme. Mwalimu wa Songea na mwalimu wa Dar wenye daraja moja la mshahara wanapokea shilingi zilezile, lakini kila mmoja anaingia nazo kwenye soko lenye kiwango chake cha bei, na kwenye jedwali la Benki ya Dunia kule Washington wote wawili wamebadilishwa kwa kiwango kimoja cha PPP cha Tanzania.